Shemine inarudisha moshi saloni: usiizibe juu, wala usiimwagie petroli

*"Mwaka huu tumehamia katika nyumba ya marehemu baba mkwe, Muhumba, hapa Bukavu. Ni nyumba ya wakati wa Wabelgiji, na saloni ina shemine ya mawe (meko ya ukutani yenye bomba la moshi) ambayo haikuwashwa kwa miaka mingi. Kabla hatujaingia tuliweka madirisha mapya ya aluminiamu, na jirani wa upande wa ziwa amejenga etaji tatu. Mvua ilipoanza tuliwasha mara mbili. Moshi wote ulirudi ndani, na tangu hapo kila mvua ikinyesha nyumba inanuka masizi. Mtoto wangu mdogo ana pumu. Fundi mmoja aliniambia nimwage petroli juu ya kuni, moto uwe mkali uunguze uchafu. Shangazi anasema nichome maganda ya viazi, ndivyo Wazungu walivyofanya. Jirani anasema niizibe juu na niweke mbabula (jiko la makaa) humo ndani, kwa sababu makala, yaani makaa ya miti, hayana moshi. Kuna pia ufa ukutani juu ya shemine, wanasema ni wa tetemeko la 2008. Nifanye nini? Ningependa tuwashe Noeli, familia itakapokusanyika."*

Mama, nianze na Noeli kwa kuwa ndiyo yenye tarehe. Kwa hali uliyoieleza, msiiwashe tena shemine hiyo mpaka mtu apande juu ya paa achungulie ndani ya bomba lake, na ule ufa uchunguzwe. Fundi makini anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla ya Desemba, kwa hiyo sisemi kwamba sherehe imeharibika. Ninachosema ni kwamba moto unaorudisha moshi katika nyumba yenye mtoto wa pumu hauwashwi kwa kujaribu-jaribu.

Umepewa mashauri matatu, na waliokupa walikutakia mema. La shangazi halidhuru, ila halitoshi. La fundi ni la hatari. La jirani ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu ukilisikia linaonekana la busara.

Ni kweli kwamba makala hayana moshi wa kuonekana. Moshi wake ulitoka kule porini yalikochomwa, kabla gunia halijafika sokoni. Lakini makala yanayoungua polepole, hasa yakishafunikwa na majivu, hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi kuliko kuni zenye mwali mkubwa. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikifika kwenye damu hujishika na hemoglobini, kibebaji cha oksijeni katika damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, basi damu inazunguka mwilini bila kuufikishia hewa. Kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Wengi hudhani ni malaria au wamekula kitu kibaya, wanajilaza wapumzike, na usingizi huo ndio unaowamaliza. Watoto wachanga, wajawazito na wenye shida ya kifua huumia mapema kuliko wengine. Sasa ukiizuia shemine juu na kuweka mbabula ndani yake, gesi yote hiyo haina pa kutokea isipokuwa saloni yenu.

Kuna jambo nalisikia mara nyingi hapa kwetu, na nalitaja kwa sababu limegharimu watu maisha. Watu husema: mbabula ikikaa chini na sisi tukalala juu kitandani, hakuna shida, ni kama mazuku ya Goma. Hapo gesi mbili zimechanganywa. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini upande ule wa volkeno. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni, na mbuzi anaweza kufa pale ambapo mtu mzima amesimama salama. Monoksidi ya kaboni ina uzito unaokaribia wa hewa yenyewe, na ikitoka kwenye makala ya moto hupanda pamoja na joto, ikaenea chumba kizima hadi darini. Kitanda kirefu hakimkingi mtu. Mbabula ikae nje, mvua inyeshe isinyeshe.

Tuje kwenye moshi wenu. Wengi hudhani moto ndio unaousukuma moshi juu. Kazi hiyo hufanywa na hewa ya chumbani. Hewa ya moto ndani ya bomba ni nyepesi, ya saloni ni nzito, basi ile nzito inaingia chini na kuinyanyua nyepesi mpaka itoke juu ya paa. Nguvu ya kuvuta inategemea urefu wa bomba, na tofauti ya joto kati ya ndani ya bomba na nje. Hapa hatuna baridi ya Ulaya. Usiku wa Bukavu hushuka hadi nyuzi 14 au 15 hivi, na mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo. Kwa hiyo shemine zetu huvuta kwa nguvu ndogo kuliko zile ambazo wajenzi wa Kibelgiji walizizoea kwao, na kasoro ndogo tu inatosha kuzishinda.

Kasoro ya kwanza naiona katika maneno yako mwenyewe: madirisha. Shemine ya wazi hula mamia ya mita za ujazo za hewa kwa saa. Madirisha ya zamani ya mbao au chuma yalikuwa na nafasi nafasi pembeni, na hewa ilipita humo bila mtu kujua. Ya aluminiamu yenye mpira yamefunga kila kitu. Hewa iliyotoka na moshi lazima irudishwe na hewa nyingine, na ikikosa mlango itateremka kupitia bomba lenyewe, ikirudi na moshi. Unaweza kulipima hili leo bila kuwasha kitu. Funga milango na madirisha yote, shikilia utepe wa karatasi laini ya chooni kwenye mdomo wa shemine, utazame unaelekea wapi. Ukipepea kuja saloni, hewa inashuka. Kisha fungua dirisha lililo karibu, upana wa kiganja, utazame tena. Ukigeuka na kuelekea ndani ya bomba, umeshapata sehemu kubwa ya jibu, na dawa yake ni ndogo: tundu la hewa lenye wavu, likatwe chini kwenye ukuta wa nje karibu na shemine, na lisizibwe na kochi.

Ya pili ni etaji za jirani, na hiyo haina dawa rahisi. Kanuni wanayofuata wajenzi wa Ufaransa ni kwamba mdomo wa bomba upite kwa sentimita 40 kilele cha paa na kizuizi chochote kilichopo ndani ya mita 8. Nyumba yenu ilipojengwa, kandoni palikuwa na bustani. Sasa upepo wa ziwa unagonga ukuta mrefu, au unaupita kwa juu, halafu unashuka juu ya paa lenu na kuusukuma moshi urudi chini. Kama ukuta huo uko mbali zaidi ya mita 8, huenda kuongeza safu chache za matofali na kofia nzuri kukatosha. Ukiwa karibu kuliko hapo, na umelipita bomba lenu kwa etaji mbili, sitamshauri mtu alirefushe mpaka huko. Mnara mwembamba wa matofali juu ya paa, katika mji unaotikisika, ni mzigo unaongoja kuanguka.

Ya tatu ni kuziba. Bomba lililolala miaka mingi hukaliwa na ndege, popo na nyigu, na matofali ya juu huangukia ndani. Iko pia hii, na msicheke: nyumba nyingi za zamani zilibadilishiwa vigae kwa mabati, na wapo mafundi waliopitisha bati juu ya mdomo wa bomba kama vile halipo. Ya nne ni ubaridi wa bomba lenyewe, na hiyo ni ndogo. Bomba likishapona, gazeti moja lililokunjwa na kuwashwa juu kabisa ya meko kabla ya kuni hulipasha joto likaanza kuvuta.

Harufu ya masizi wakati wa mvua ina maana maji yanaingia. Mvua ikikutana na masizi hufanya uchachu unaokula chokaa kati ya matofali, kwa hiyo kinachokukera puani ndicho kinachoibomoa shemine taratibu. Kofia juu ya bomba, ya chuma au ya zege, yenye nafasi pembeni za kupitisha moshi na wavu wa kuzuia ndege, ni sehemu ya ukarabati, si pambo. Fundi aangalie pia zinki inayofunga maungio ya bomba na mabati.

Sasa petroli. Ili uone hatari yake ni lazima ujue kilichomo ndani ya bomba. Masizi makavu meusi hupukutika kwa burashi. Lakini kuni mbichi hutoa mvuke mzito wenye mafuta ya mti, na ukipita mahali palipopoa, chini ya nyuzi 120 hivi, huganda kwenye kuta kama jasho kwenye kifuniko cha sufuria. Tabaka juu ya tabaka, inakuwa lami nyeusi inayong'aa, ngumu, na inawaka. Ukimwaga petroli, kwanza mvuke wake unaweza kulipuka usoni mwako. Pili, mwali mkali unaifikia lami hiyo na bomba zima linashika moto. Moto wa ndani ya bomba huweza kupita nyuzi 1,000, unanguruma kama upepo mkali, unapasua matofali na kuzirukia mbao za paa. Nyamugo na Kadutu, hapa mjini, zimeona mara nyingi moto unavyosambaa kabla gari la kuzima moto halijapata njia. Ikitokea siku moja ukausikia mngurumo huo, toa watu wote nje, ita msaada, na kama kuna nafasi tupia mchanga au majivu juu ya kuni zilizo chini. Usirushe maji ndani ya bomba la moto. Mvuke wake unaunguza na matofali yanapasuka. Na baada ya hapo shemine haiwashwi tena kabla haijakaguliwa, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Maganda ya viazi, shangazi hakuyabuni. Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa wazee waliyakausha na kuyachoma wakiamini yanasafisha. Huenda yakalegeza masizi mepesi. Hayaondoi lami iliyoganda, hayatoi kiota, hayazibi ufa. Ubaya wake ni kumfanya mtu aamini kwamba ameshasafisha.

Kinachozuia lami kwa kweli ni kuni kavu. Mikaratusi inayouzwa mjini mara nyingi imekatwa juzi, na mti mbichi huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni ya shemine inatakiwa iwe chini ya asilimia 20. Ipasueni, ipangeni juu ya mawe au mbao, chini ya bati, pande zote zipate upepo, ikae angalau miezi sita, na kwa mvua zetu mwaka mzima ni bora. Kuni iliyokauka ni nyepesi, ina nyufa kwenye ncha, na mbili zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Ikitoa povu kwenye ncha unapoichoma, irudishe kwenye rundo. Msichome mbao zenye rangi, mabaki ya triplai, plastiki wala viatu. Moshi wake ni sumu.

Ufa ndio ninaoupa uzito mkubwa katika hali yenu. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na liliharibu nyumba Bukavu na ng'ambo Rwanda. Bomba la shemine ni nguzo nzito iliyosimama peke yake juu ya paa. Nyumba ikitikisika, yenyewe hutikisika kwa mwendo wake, na hupasuka pale inapolipita paa au inaposhikana na ukuta. Ufa unaouona saloni huenda ni wa lipu tu. Usioonekana, ule wa juu ya plafoni, ndio hatari, kwa kuwa hapo bomba limepita karibu na mbao za paa. Mbao zikipashwa joto mara kwa mara kwa miaka hubadilika na kuwa rahisi kuwaka kuliko zilivyokuwa mpya, na cheche moja kupitia ufa mwembamba inatosha. Kati ya bomba na mbao panapaswa kuwa na nafasi tupu, angalau sentimita 5. Mtu apande ndani ya dari na tochi: akiona doa jeusi au la kahawia kwenye matofali, moshi umekuwa ukipita.

Jaribio la kumaliza ubishi ni la moshi. Bomba likishasafishwa, huwashwa majani mabichi machache kwenye meko, moshi ukishajaa mdomo wa juu unafunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na msaidizi mwingine anaangalia darini na vyumbani moshi unatokea wapi. Ni dakika chache tu, madirisha wazi, na mtoto awe ameondoka nyumbani siku hiyo nzima.

Kama ni nyufa ndogo, zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga au mchanganyiko unaostahimili moto, na ndani ya meko yatumike matofali ya moto. Mafundi wengi hukimbilia simenti ya kawaida. Joto huipasua, na baada ya msimu mmoja mnarudi mlikotoka. Kama bomba limeegemea upande, au ufa unapitisha kidole, hapo masoni peke yake hatoshi. Mwite injinia wa ujenzi, na mpaka afike msikae wala kuegesha gari chini ya bomba hilo.

Utampata wapi fundi? Hapa mjini sijui duka lenye bango la kazi hii, ila masoni waliojenga majiko ya mikate ya kuni wanaelewa moto, matofali na mvuto wa hewa, na ningeanzia kwao. Muulize atatumia nini kusafisha. Jibu zuri ni burashi ya waya ya mviringo, yenye upana wa bomba, kwenye fimbo zinazoungana au kwenye kamba yenye uzito. Akitaja mawe, tawi la miba au petroli, mshukuru mwachane. Afunike mdomo wa shemine kwa shuka lililoloweshwa kabla hajaanza, na atoe kwa mkono uchafu unaojikusanya kwenye rafu iliyo nyuma ya koo la shemine (sehemu nyembamba juu ya meko), kwa maana hapo ndipo wengi husahau. Mpatie barakoa nzuri na maji ya kuoga, na umkatalie kumwingiza mtoto ndani ya bomba. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, alionyesha kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi waliugua saratani kwa sababu ya masizi, na hata leo masizi yanahesabiwa kati ya vitu vinavyosababisha saratani.

Sasa nikuambie wazi ninavyoona. Shemine ya wazi, hata ikivuta vizuri, hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu angani, na huvuta hewa ya vyumba vingine iende nayo. Kwa baridi ya Bukavu ni kitu cha kupendeza zaidi ya kuwa cha lazima. Na hata ikipona, chembe chembe za moshi hazikosi kuingia saloni, na kifua cha mtoto wako kitazihisi. Ningekuwa na nyumba hiyo, ningechagua mojawapo kati ya mawili. La kwanza ni kuweka ndani ya shemine jiko la chuma lenye mlango, na bomba lake la chuma lipande ndani ya lile la zamani hadi juu; linakula kuni chache, linapasha chumba kweli, na halitegemei matofali yaliyopasuka. Gharama yake si ndogo, na etaji za jirani zitaendelea kusumbua mvuto wa hewa. La pili ni kuipumzisha shemine kwa utaratibu: isafishwe, ifunikwe juu kwa kofia inayopitisha hewa, na chini iachiwe wavu mdogo. Usikubali izibwe kabisa kwa simenti juu na chini, maana unyevu utajifungia humo na ukuta wa saloni utaota ukungu, nao ni adui mwingine wa pumu. Mawe ya baba mkwe yatabaki kama yalivyo, na mwenye kutaka kuifufua baadaye ataikuta salama. Kwa mwaka huu, na kwa mtoto huyo, mimi ningechukua hili la pili.

Mkiamua kuirudisha katika kazi, ikaguliwe kila mwaka, hata kama mliiwasha mara chache, na kila baada ya tetemeko lililoangusha vitu ndani ya nyumba. Julai na Agosti ndiyo miezi yake, paa likiwa kavu na fundi hatelezi. Isafishwe tabaka la masizi linapofika unene wa milimita 3. Majivu yatolewe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje siku tatu au nne kabla ya kumwagwa, kwa sababu kaa huweza kuishi ndani yake muda mrefu. Yakipoa, yatawanye kidogo kidogo bustanini. Udongo wetu wenye uchachu unayapenda.

Kuhusu daktari: kama siku zile mbili za moshi, au siku nyingine yoyote, watu wawili au zaidi nyumbani waliumwa kichwa kwa wakati mmoja na wakapata nafuu walipotoka nje, hiyo ni gesi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tokeni nje wote, na mwende hospitali kunakopatikana oksijeni, mkiwaeleza wazi kwamba mlikuwa karibu na moto. Na mtoto, ikiwa tangu siku hizo anakohoa usiku au anapumua kwa mluzi, mpeleke wiki hii hii, usingoje fundi amalize. Fundi naye, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho, akupigie kwa simu picha za ndani ya bomba kutoka juu, kabla na baada ya kusafisha, na jaribio la moshi lifanyike ukiwepo mwenyewe.